Siku Tuliyofunga Depo ya Maziwa

Nakumbuka asubuhi moja pale kijijini Bihambwe, mwanangu, nilipomfungia mlango baba wa msichana niliyetaka kumuoa. Nakusimulia wewe unayeanza kazi ya kutunza mashini za baridi katika hoteli na maduka ya Goma, maana siku kama ile itakufikia.

Nilikuwa kijana wa depo ya maziwa. Wafugaji walileta maziwa, nasi tukayaweka katika chumba cha baridi mpaka lori lije. Mkubwa wangu alikuwa Mama Noela, fundi wa mashini, mwanamke wa maneno machache na kicheko kikubwa. Kiangazi kikikaribia kwisha, aliizima mashini asubuhi nzima tuisafishe. Vumbi la barabara lilikuwa limeziba sehemu ya nyuma inayotoa joto nje, na feni ilikohoa kama mzee.

Tulitangaza kanisani kwamba depo itafungwa, lakini Papa Yosefu, baba wa msichana yule, hakusikia. Akaja na bidoni zake za maziwa, na majirani nyuma yake.

“Fungua, kijana. Maziwa inaharibika!”

“Papa, mutusamehe. Mashini iko wazi, tunaisafisha mpaka saa sita.”

“Unajua unasema na nani?”

Nilijua sana! Wazee wetu walikuwa wanajiandaa kwenda kwake kumposa binti yake Furaha. Mama Noela alinitazama, brashi mkononi, akaniachia nijibu mwenyewe.

“Ninajua, Papa. Tukiiwasha na vumbi hii, itakufa, na maziwa ya watu wote itamwangika. Maji ya kijito hapa nyuma iko baridi. Tuweke bidoni mule kwanza.”

Papa Yosefu akavua viatu, akakunja suruali, akaingia kijitoni na bidoni yake. Baridi ilimpigisha kelele, ee mwanangu! Wamama walicheka mpaka wakakaa chini, mmoja akaanzisha wimbo wa kanisa, na wote wakamfuata Papa Yosefu majini. Saa sita mashini iliwaka, ikanguruma vizuri. Hakuna bidoni hata moja iliyoharibika.

Siku ya kuomba mchumba, nilijificha nyuma ya baba zangu wadogo. Papa Yosefu akaninyooshea kidole.

“Ule kijana njo alinifungia mulango! Angeufungua kwa kuniogopa, singemupa mutoto wangu. Muntu wa kuogopa mukwe ataogopa kila muntu.”

Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko, na Furaha alicheka kuliko wote.

Basi mwanangu, isafishe mashini ingali nzima, usingoje ife. Kiangazi kikiisha, ondoa vumbi, tia mafuta, angalia mikanda, hata kama watu wanapiga kelele mlangoni. Waarifu mapema, wajibu kwa heshima, watafutie njia nyingine ya kungojea. Lakini usiwashe mashini kabla kazi haijaisha kwa sababu umemwogopa mkubwa.

Mungu aibariki mikono yako. Akupe mabosi wenye subira, akupe na wakwe wenye kicheko.