Nyekundu yangu imesimamisha pikipiki za Pinga

Leo rangi niliyoichagua mimi imesimamisha pikipiki zote, na sifa amezipata Neema.

Mimi na mwenzangu Neema tunaandika maktaba ya programu, yaani msimbo unaorekodi kila hitilafu ya programu nyingine. Ukurasa wa kuonyesha hitilafu hizo niliubuni mimi, peke yangu. Hitilafu nikazipa nyekundu.

Asubuhi tumeujaribu hapa Mubi, kwa Mama Kavira, anayetuma mizigo hadi mji wa Pinga kwa pikipiki. Mtandao, au réseau kama tunavyosema hapa, ukakatika. Ukurasa mzima ukawa mwekundu.

Mama Kavira alipouona akatoka mbio hadi kwa waendesha pikipiki.

"Mushushe mizigo! Njia imefungwa!"

Tangu vita vianze, kwenye ubao wa ofisi yake chaki nyekundu ina maana moja: njiani kuna risasi. Nami nililijua hilo. Nimekulia hapa!

Nikaanza kueleza. Nikaeleza mno.

 Neema aliketi kwenye kompyuta yangu (ndiyo, yangu), akaweka kijivu, akaandika juu: "Réseau imekatika. Njia iko sawa."

Mama Kavira akarudi ndani, akasoma, akacheka.

"Huyu mutoto iko na akili! Ni weye njo ulitengeneza yote? Kesho ukuje kufundisha watu yangu."

Nikasubiri Neema aseme hapana.

Akatabasamu tu.

Tulipotoka akanishika mkono. "Dada, kesho unisindikize. Ile ukurasa unaijua kunipita."

Kumbe anajua! Mbona hakusema mule ndani?

Na kile kijivu kinapendeza, ndicho kinachoniuma.

Sijamjibu bado. Mngekuwa mimi, mngeenda?