Maji Yaliyokuja kwenye Kibuyu cha Maziwa

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Elinipa Kaaya hataki kusemeshwa. Amekaa kwenye stuli ndefu ndani ya maabara ndogo ya binafsi huko Sekei, jijini Arusha, mikono mapajani, macho kwenye skrini. Mstari mwekundu unatambaa kuelekea kulia. Anaangalia kama mstari utapanda kidato kimoja kidogo, na anaomba usipande.

"Subiri," anasema bila kugeuka. "Bado dakika nne."

Elinipa, 43, mtoto wa wakulima wa kahawa wa Maji ya Chai, ni fundi sanifu wa maabara mwaka wa kumi na saba sasa. Anapima maji ya visima, chemchemi na mifereji. Mashine yake inaitwa isotakoforesisi, jina la kuvunja ulimi, lakini yeye huieleza kwa lugha ya josho.

"Ng'ombe wakiwa malishoni wametapakaa, kumpata ndama mmoja wa jirani ni kazi. Waingize kwenye kichochoro cha josho. Wepesi mbele, wazito nyuma, hakuna wa kumpita mwenzake. Hapo hata huyo ndama utamwona."

Kichochoro chenyewe ni mrija mwembamba kama unywele, na umeme ndio mchungaji. Chembe za dawa za mashambani zilizotawanyika majini hujipanga kwa kasi zake, kila aina na wenzake, zikabanana mpaka zikaonekana. Mashine ya zamani ilikuwa na mrija mmoja. Hii ina miwili iliyounganishwa: wa kwanza hukusanya, wa pili hutenganisha. Kiasi ambacho zamani kingepita kimyakimya sasa hupanda kwenye skrini kama kidato cha ngazi.

Lakini mashine haiulizi maji yamekuja na nini. Hiyo ni kazi ya mtu, na Juni mwaka jana Elinipa hakuuliza.

Mwezi huo alifika Nkasiogi, bibi wa miaka 68 kutoka kijiji cha Waarusha magharibi mwa Mlima Meru. Mbuzi wake wanne walikuwa wametoa mimba, na juu ya chemchemi yao kuna shamba la mboga linalopigwa dawa ya magugu. Wanakijiji waliacha kunywa. Wanawake wakawa wanatembea saa mbili kufuata maji kwingine. Bibi alileta maji ya chemchemi kwenye kibuyu.

"Nilimwamkia, nikapokea kibuyu kwa mikono miwili," anakumbuka Elinipa. "Kilinukia vizuri. Nikaona ni heshima, nikanyamaza."

Mstari ukatoka safi. Akasaini cheti, na kaya thelathini na nane zikarudi kwenye chemchemi yao.

Wiki tatu baadaye Nkasiogi alirudi na maziwa ya shukrani. Elinipa alipoyamimina kwenye kikombe, aliona punje nyeusi zikielea.

"Ni mkaa wa oloirien, mzeituni wetu wa porini," bibi akamwambia akicheka. "Kibuyu cha mgeni lazima ukisugue ndani kwa kijinga cha moto. Hata kile cha maji nilikisugua hivyohivyo. Ningekuleteaje maji kwenye chombo kichafu?"

Elinipa aliketi. Mkaa hunasa dawa. Hata vichujio vya maji hutumia mkaa. Usafi wa bibi ulikuwa umemeza kile alichokuja kukitafuta.

Siku hiyohiyo alikwenda kijijini na chupa zake, akachota, akarudi kupima. Kidato kikatokea, kidogo, lakini juu ya kiwango kinachoruhusiwa. Mkuu wake, Ephraimu, alimshauri atoe cheti kipya bila maneno, kana kwamba maji ndiyo yamebadilika. Elinipa alikataa. Jumapili, baada ya ibada kijijini, alisimama mbele ya watu akasema cheti chake kilikuwa cha uongo.

"Tumekunywa siku ishirini na moja kwa saini yako," alisema Saning'o, mwenyekiti wa kijiji.

"Nililia, sikuficha," anasema Elinipa. "Bibi akasimama kunitetea, akasema kosa ni la kibuyu chake. Nikamwambia, hapana bibi, wewe umenipa heshima ya mgeni. Wa kuuliza nilikuwa mimi."

Mwenye shamba, alipoonyeshwa karatasi ya vipimo, aliacha kupiga dawa upande wa chemchemi. Kuhusu mbuzi, Elinipa hasemi kitu. Mashine haijamwambia kilichowafanya watoe mimba. Tangu hapo anapima maji hayo kila mwezi, na kila mtu anayefika na maji huulizwa kwanza chombo kilioshwa na nini. Sasa Nkasiogi huleta maji kwenye chupa ya maabara na maziwa kwenye kibuyu, na hachanganyi.

Dakika nne zimekwisha. Mstari umepita mahali pa kile kidato bila kuinuka. Elinipa anapumua, kisha anaandaa kipimo kingine cha maji hayohayo ya chemchemi, kuhakikisha.

Huu ni mwezi wa pili mfululizo bila kidato. Amejiwekea mitatu. Kijijini hawanywi bado, na yeye hatawaandikia cheti kabla ya huo wa tatu.

"Mstari ukitoka safi, cheti nitakipeleka mwenyewe," anasema. "Nitachota pale pale chemchemini, ninywe mbele yao. Safari hii nataka kikombe cha kwanza kiwe changu."