Kiatu Nilichokivaa Kwanza Mimi

Maisha yangu yote nimechomelea milango na madirisha pale Sange, kwenye barabara ya Bukavu, na sifa yangu ni moja: kitu changu hakivunjiki. Kwa hiyo siku farasi alipoletwa mbele ya karakana yangu, ukwato mmoja wa mbele ukiwa hauna kiatu chake cha chuma, nilicheka. Niliona ni kazi ya dakika kumi.

Aliyemleta alikuwa mzee wa Bujumbura, mtunzaji wake tangu alipozaliwa. Alikuwa farasi jike wa mbio ndefu, zile za kutwa nzima. Alikuwa ameuzwa kwa mtu wa Bukavu, na mzee alikuwa anampeleka kwa miguu. Kokoto za barabara zilimng'oa kiatu. Mbele yao ilibaki milima, na ukwato ukipasuka huko, farasi hana safari tena. Misumari mzee alikuwa nayo. Chuma alikitaka kwangu.

Nikachukua kipande cha resori ya lori, chuma cha springi, kinene kama kidole gumba, nikakikunja motoni mpaka kikalingana na ukwato. Hiki kitadumu mpaka farasi azikwe, nilijisifu. Mzee akakipima kiganjani, akanirudishia.

"Papa, uvale kwanza weye," akasema. "Uende mpaka ku depo ya muchele, kule mwisho wa soko, urudie."

Nilikasirika, maana mimi ni mwepesi wa hasira. Lakini nikakifunga chini ya kiatu changu kwa mpira wa baiskeli, nikaenda. Wauza muhogo walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Kwenda nilitembea kama mtu mzima. Kurudi, nilikuwa naburuta paja kama si langu. Nikafikiria hatua zote za kufika Bukavu, nikaona aibu. Nikatengeneza kingine, cha chuma chembamba cha dirisha, na safari hii nilikivaa mwenyewe kwanza bila kuambiwa.

Kugongelea kukaniangukia mimi, kwa sababu mzee ndiye pekee aliyeweza kumshika kichwa akatulia. Nikachuchumaa. Yule mnyama, mzito kuliko milango yangu yote, akaniwekea mguu mapajani.

"Minye niko sudere, mutu wa kuchomelea," nikamwambia mzee, "hapana munganga."

"Sikiya tu. Musumari ikilia, piga. Ikinyamaza, simama: imefika ku nyama."

Nikapiga. Msumari ukalia, kila pigo sauti ikipanda kidogo, hadi ncha ikachungulia pembeni mwa ukwato. Sijawahi kusikiliza kitu namna ile, hata mwanangu wa kwanza siku aliyozaliwa. Msumari wa tano ukanyamaza. Nyundo ikabaki hewani. Nikauchomoa, ukatoka safi, bila damu. Nikausogeza nje kidogo, nikagonga tena. Ukalia.

Nilipomaliza nilishindwa kuinuka. Farasi akakanyaga chini, akauegemea ule mguu. Kisha, bila kuambiwa na yeyote, akainua ule mwingine wa mbele, wenye kiatu kizima, akaniwekea mapajani vilevile. Mzee akasema hajamwona akimpa mgeni mguu wake hivyo. Niliushika tu, mpaka alipouchukua mwenyewe.