Mvuke wa Ngazi ya Nyuma

Mama Vifungo, mshona vifungo wa kiwanda cha mashati, alifika miaka arobaini bila kuvuta chochote. Wenzake walipumzikia ngazi ya nyuma, wakipokezana sigara ya umeme yenye harufu ya embe. Siku moja wifi yake, aliyefanya kazi humo pia, akamwambia, "Vuta kidogo, wifi, si mvuke tu huu!" Akavuta. Mvuke ukapanda polepole kwenye mwanga wa dirisha, vicheko navyo vikapanda, akajiona anaelea kama pamba. Mwezi haukuisha akanunua yake.

Kisha akahamishiwa chumba cha kukatia vitambaa, ambako hakuna aliyevuta. Wiki za kwanza alihangaika, mikono haina pa kukaa. Baadaye, akitafuta kitana mkobani, akaikuta ile sigara imeisha chaji, wala hakukumbuka tangu lini. Akairudisha mkobani. Alichokuwa akikitamani, akatambua, ni wale watu wa ngazini.

Mchana akashuka ngazini. Wifi akamnyooshea sigara yake.

"Hapana, wifi. Nipe nafasi ya kukaa tu."

Wakasogea wakicheka, naye akaketi katikati yao, mvuke ukimpita usoni kama ukungu wa alfajiri.