Lenzi Ndefu ya Shabani

Baba alipoitoa picha kwenye bahasha, Mama hakuwemo. Ulionekana mkono wake tu, begani kwangu, na yeye tulikuwa tumeshamzika.

Nimeyakumbuka hayo juzi, arusini Mabatini, nilipomwona mpiga picha akibadilisha lenzi ili ukoo mzima uingie. Kumbe ni kazi ya dakika moja!

Siku ile, kabla ya Uhuru, ufuko wa Kamanga ulinuka dagaa, na mtumbwi ulikuwa ukimsubiri Mama kumvusha akalazwe Mwanza. Shabani mpiga picha alisimama karibu nasi mno, ziwa likiwa nyuma yake.

"Rudi nyuma kidogo, bwana," Baba alimwambia.

"Nilowanishe viatu vipya, mzee?"

Mama akauliza, "Lakini mimi naingia?"

"Tulia, mama. Hii lenzi ndefu inavuta watu karibu."

Nikafurahi, nikidhani itamvuta Mama hadi katikati yetu. Leo najua lenzi ndefu huona pembamba. Ile fupi, iliyobaki mkobani mwa Shabani, ndiyo ingemwingiza.

Shabani, bado uko hai na duka lako la picha unalo. Nijibu basi: ulipochungulia, hukuona kwamba mgonjwa amebaki nje?