Mzee Aliyetufungulia Makumbusho

Watu hupenda kuyaweka mambo ya aina hii usiku, penye giza, ili msikilizaji asiulize sana. Langu lilinipata saa sita za mchana, jua likiwa utosini, nami nimevaa suti na saa ya mkononi, bila kuonja hata tone la pombe. Mimi si mtu wa kudanganywa. Nilitoka hapa Kamina bila viatu, nikasoma kwa nguvu zangu mwenyewe, nikafanya kazi Elisabethville, nikarudi na diploma ambayo mpaka leo imetundikwa ukutani ndani ya fremu ya kioo. Katika mtaa wetu nilikuwa wa kwanza. Nasema haya ili ujue ni nani anayekusimulia.

Mama yangu alikuwa anapofuka. Ukungu ulianza jicho la kushoto, ukahamia la kulia. Baba yake alikuwa mmoja wa wale Waluba waliosoma habari za wafalme kwa vidole, juu ya ubao wenye shanga tunaouita lukasa. Mama alipokuwa msichana ubao ule ulichukuliwa. Miaka mingi baadaye fundi mmoja wa reli akamwambia ameuona Elisabethville, katika makumbusho. Tangu siku hiyo aliniomba jambo moja tu.

"Unipeleke kule kwenye vitu ya bankambo," alisema, yaani mababu zetu. "Macho ingali kidogo."

Nilimwahidi. Nikaketi mbele ya mashine ya kuandikia, nikapanga safari yote: ziara ya kuongozwa saa nne, chakula kwa binamu yangu saa sita, kanisa kubwa saa nane, treni ya kurudi saa kumi. Nilikuwa nimetuma barua kwanza, nikajibiwa kwamba ziara ya saa nne ndiyo pekee yenye mtu wa kueleza vitu. Kila kitu kilizunguka saa hiyo. Ni nani mwingine Kamina angeweza kupanga hivyo?

Treni ilisimama karibu na Bukama muda mrefu, na hakuna aliyetuambia sababu. Tulipofika mlangoni pa makumbusho ilikuwa saa sita kamili. Palikuwa pamefungwa mpaka saa nane. Nilisimama na karatasi yangu mkononi. Mama akauliza, "Tumefika?" Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni.

Ndipo mlango mdogo wa pembeni ukafunguka. Alitoka mzee aliyevaa kaki safi kama walinzi wa pale, ila hakuwa na viatu.

"Bantu ba Kamina njo hawa," akasema, kana kwamba sisi ndio aliokuwa akitungoja. "Mulichelewa. Muingie."

Unaona? Nilijipongeza. Barua yangu imefanya kazi, nikawaza. Mama alikuwa ameshavua ndala zake.

"Mama, uvae. Hii iko sima, hapa ni mujini."

Hakuvaa; akaikanyaga saruji kwa miguu mitupu.

Ndani, mzee alikuwa na bakuli la pemba, ule udongo mweupe ambao kwetu watu hupakana mikononi wanapoingia mbele ya wakubwa. Alinijia mimi kwanza.

"Nyosha mikono."

"Hapana, tata. Hii suti ilitoka kwa mushonaji juma hili."

"Suti njo unaogopa?"

"Miye niko na diploma, tata. Nitaandika yote." Nikamwonyesha daftari.

Alicheka kidogo, bila ubaya. "Basi mwenye suti ashike ndala za mama."

Nami nikazishika. Niamini, nilizishika kweli, mtu wa heshima zake, ndala mbili za mpira, huku mzee akimpaka mama udongo kutoka viganjani mpaka viwiko.

Wakaanza kutembea. Mzee alieleza kila kitu kwa Kiluba, na mama aliitikia kwa shangwe ndogo ndogo kama msichana. Mimi niliandika. Kiluba ndicho nilichonyonya, lakini siku ile nilisikia sauti tu, maana haikuniingia. Hata hivyo niliandika kurasa sita, nikijivunia mwandiko wangu.

Walifika penye lukasa. Kioo kilikuwa wazi. Sikuona nani alikifungua. Mama akaweka vidole juu ya shanga, macho yake yakaukazia ubao, na nikajua kwamba anaona. Akaanza kutaja majina, moja baada ya jingine, bila kusita. Kila jina lilipotoka, mzee alifumba macho kama mtu anayetuliwa mzigo kichwani.

Nilitaka kusema basi, treni itatuacha. Mdomo haukufunguka. Nilitaka kumshika mkono. Miguu ilikataa. Wewe ungefanya nini?

Mwishoni mzee alinielekezea kidevu. "Mama, huyu ni nani?"

Mama alinitazama kwa muda mrefu, kwa macho angavu ambayo sikuwa nimeyaona kwa miaka.

"Simujui," akasema.

"Njo vizuri," mzee akajibu polepole. "Nafasi ya majina iko."

Nikatazama saa. Nilipoinua macho, mzee hakuwepo. Funguo zililia mlangoni, mlinzi akaingia, akashtuka kutuona. Akauliza nani alitufungulia. Nikamweleza. Akasema kazini kwao hakuna mzee wa namna hiyo. Kioo cha lukasa kilikuwa kimefungwa, na vumbi juu yake halikuwa na alama ya kidole. Kurasa zangu sita zilikuwa tupu.

Tulirudi Kamina. Mama sasa anatunga uzi kwenye sindano bila msaada. Mikono yake ni myeupe mpaka leo. Nimeiosha kwa sabuni, padri ameinyunyizia maji, daktari ameipaka dawa. Watu wanatoka Kabondo-Dianda kuja kumsikiliza akitaja majina ya wafalme. Ukimuuliza jina la mwanawe, anajaribu, unaona kabisa kwamba anajaribu. Nikishika kalamu niandike anachosema, ananyamaza.

Wewe unayepanga kwenda kuona vitu vya zamani, panga siku na saa, ni vizuri. Lakini akija mtu kukuongoza, mwangalie miguu. Na ukiwa umeshaingia, ukanyoshewa pemba, usimwachie mama yako aipokee peke yake. Nyosha mikono.

Suti ile niliichoma. Kila asubuhi napiga magoti mbele ya mama, kifua wazi, nanyosha mikono yangu mitupu ili anipake chochote kilichobaki kwenye yake. Yeye huirudisha mikono yake nyuma, kwa adabu, kama unavyomfanyia mgeni.

"Hapana, bwana," huniambia. "Suti yako itachafuka."