Msalaba wa Kuazima

Kigango chetu, upande wa Nyangoto, kilikuwa na msalaba mmoja tu wenye sanamu ya Yesu, wa shaba, mrefu kama kiganja. Akifa Mkatoliki, katekista aliuweka mikononi mwa marehemu, sala zikasomwa, na kabla ya udongo kuingia aliutoa, akaufuta kwa kanzu na kurudi nao kwake kumngoja mwingine. Hakuna aliyeona ajabu. Hata majembe ya kuchimbia kaburi yalikuwa ya kuazima.

Bibi mzaa baba alibatizwa akiwa kitandani. Alikuwa mkaidi, na aliniita mume wake kama bibi za kwetu wanavyowaita wajukuu, ingawa tayari nilikuwa na mke, tena mjamzito. Katekista alimwonyesha ule msalaba, akamweleza kwamba huyu alikufa kwa ajili yetu sote.

"Alizikwa?" bibi akauliza.

"Alizikwa, mama. Akafufuka."

"Mbona mmemwacha juu ya mti?"

Katekista alieleza habari ya ukumbusho kwa muda mrefu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, maana adabu alikuwa nayo. Katekista alipoondoka, bibi akaniambia, "Mume wangu, siku yangu usikubali wamchukue. Kijana wa watu hawezi kukaa miaka yote bila kuzikwa. Nitalala naye."

Nikamwahidi. Nilidhani tuna muda, kumbe alibakiza siku nne.

Kwetu mwanamke hulazwa kwa ubavu wa kushoto, na mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumweka sawa. Katekista akainama, akanyoosha mkono.

"Nipe."

"Vidole vimekaza," nikasema.

"Vikunjue."

"Vimekataa."

Vilikuwa laini kabisa. Katekista alinitazama mimi, watu wakamtazama yeye, na mvua ilikuwa inakuja. Akainuka, akaendelea na sala. Nilitoka shimoni nimefurahi, wala sikuona haya.

Aliyefuata kufa kigangoni alikuwa mtoto wetu wa kwanza, akiwa na umri wa wiki moja. Katekista alikuja na vijiti viwili alivyovifunga kwa kamba ya katani, akaviweka juu ya kifua cha mtoto, akasoma sala zote bila kuruka hata moja. Mke wangu akauliza ule msalaba wenye Yesu uko wapi. Katekista akafunga kitabu chake, akaniachia mimi nijibu.